Baiskeli ya Safari Ndefu: Maandalizi ya Kuvuka Nchi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Mwendesha baiskeli anayekwenda wastani wa kilomita 70 kwa siku atahitaji takriban wiki mbili njiani, bila kuhesabu siku za kupumzika. Katika muda huo atapita joto la pwani, pori la Mikumi, mpando wa Kitonga na baridi ya nyanda za juu kusini, akitegemea chombo kimoja tu alichokinunua kabla ya kuondoka. Chombo hicho kikimwangusha, hasara yake haiishii kwenye bei ya dukani. Ataongeza nauli ya kurudi, usiku asioupanga na, mara nyingine, maumivu ya mwili.

Tumeichagua njia hii kuwa mfano kwa sababu ni ndefu, ina miji ya kutosha kupumzikia, na inaonyesha karibu kila tatizo ambalo msafiri wa baiskeli anaweza kukutana nalo katika nchi yetu. Anayekusudia kwenda Mwanza, Kigoma au Songea atayatumia maelezo haya kwa kubadili majina ya vituo.

Ushauri wetu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni huu: nunua baiskeli ambayo fundi wa mji mdogo kabisa katika njia yako anaweza kuitengeneza kwa vifaa alivyo navyo. Duka la Dar es Salaam litakuonyesha gia nyingi, rangi nzuri na uzito mwepesi. Hayo yana thamani yake, lakini hayakusaidii ukisimama Ruaha Mbuyuni saa nane mchana na tairi lililopasuka ambalo saizi yake haipatikani mpaka urudi ulikotoka.

Namba zilizo ubavuni mwa tairi

Kila tairi la baiskeli lina namba zilizochapwa ubavuni, na namba hizo ni muhimu kuliko jina la kampuni. Tafuta tarakimu zilizotenganishwa kwa kistari, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha sehemu ya ringi ambapo tairi hukaa. Tairi hukubali ringi yenye kipenyo kile kile tu. Tofauti ya milimita chache inatosha kulifanya lisiingie, au liingie na kuchomoka ukiwa mwendoni.

Saizi ambayo watu huiita inchi 26, inayotumika kwenye baiskeli nyingi za gia, ina namba 559. Baiskeli kubwa za kawaida zisizo na gia, zile zinazobeba mkaa na mitungi ya maji vijijini, hutumia tairi la inchi 28 lenye namba 635. Matairi ya aina hizi mbili huuzwa hata katika maduka ya miji midogo. Baiskeli za mbio na nyingi za kisasa hutumia 622, na nyingine 584. Hizi ni nzuri, lakini nje ya miji mikubwa huwezi kuwa na hakika ya kupata tairi lake. Jihadhari hasa na jina la inchi 28, kwa maana baadhi ya matairi ya 622 nayo huitwa hivyo hivyo, na tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 635. Mwenye baiskeli ya 622 asikate tamaa. Abebe tairi moja la akiba linalokunjika na tyubu tatu, naye atafika.

Valvu ya tyubu nayo hustahili kuangaliwa. Zipo nene zinazofanana na za gari na pikipiki, na zipo nyembamba. Yenye valvu nene hujazwa upepo katika kituo chochote cha mafuta chenye pampu. Nyembamba huhitaji pampu yake au kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, ambacho bei yake ni ndogo na usumbufu wa kukikosa ni mkubwa. Tundu la ringi lililotobolewa kwa valvu nyembamba halipitishi nene, kwa hiyo usichukue tyubu ya akiba kabla ya kuipima kwenye ringi yako.

Fremu, breki na mzigo

Fremu ya chuma ni nzito zaidi kuliko ya alumini, lakini ikivunjika hushikizwa na fundi yeyote wa kuchomelea mageti. Alumini huhitaji mtambo na ujuzi ambao si rahisi kuupata njiani. Muuzaji akikuambia fremu ni ya chuma nawe una shaka, chukua sumaku ndogo: chuma huivuta, alumini haiivuti. Baiskeli nyingi zenye gia huwa pia na kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma, ambacho kimeundwa kipinde ili fremu isipinde. Baiskeli ikiangushwa kwenye buti la basi, hicho ndicho huharibika kwanza, na kila aina ya fremu ina umbo lake. Kama baiskeli yako inacho, nunua cha pili siku ile ile unapoinunua.

Kuhusu breki, za waya hurekebishwa kwa spana ndogo na waya hupatikana popote. Breki za diski zinazotumia mafuta hushika vizuri sana, lakini zikivuja zinahitaji mafuta ya aina iliyotajwa na mtengenezaji na fundi anayejua kuondoa hewa ndani yake. Kwa safari hii sisi tungechagua waya.

Mzigo hukaa nyuma juu ya keria. Keria ya chuma iliyofungwa kwa boliti nne kwenye fremu hubeba kilo 15 bila taabu. Ile inayobana nguzo ya kiti peke yake ni ya kubebea koti. Uzito huo wote huangukia gurudumu la nyuma, kwa hiyo hesabu spoku zake. Gurudumu lenye spoku 36 hustahimili kuvunjika kwa moja na bado likakufikisha mjini. Lenye spoku chache likipoteza moja hupinda papo hapo na kugusa breki.

Baiskeli ya mtumba

Baiskeli zilizotumika zinazoingizwa kutoka ng'ambo ni chaguo la busara kwa wengi, na baadhi yake zimetengenezwa kwa ubora kuliko mpya za bei ile ile. Zikague mchana, nje ya duka, baiskeli ikiwa imefutwa vumbi. Pitisha kidole chini ya fremu mahali inapoungana na shingo ya usukani. Rangi iliyovimba au yenye mistari myembamba huenda inaficha ufa. Zungusha kila gurudumu na utazame kama linayumba kati ya raba za breki. Shika mkono wa pedali na uutikise kuelekea ubavuni: ukicheza, gololi za ndani zimekwisha au zimelegea.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 ni milimita 304.8 kwa mnyororo mpya. Ukizidi 307, umechakaa, na huenda umekwishakula meno ya friwili. Hilo si sababu ya kuikataa baiskeli. Ni sababu ya kupunguziwa bei, kwani utanunua vyote viwili.

Kitu kimoja tunashauri kisinunuliwe kikiwa kimetumika, nacho ni helmeti. Povu lililo ndani yake hufanya kazi kwa kubonyea mara moja, na baada ya hapo haliwezi kulinda kichwa tena hata kama ganda la nje linang'aa. Hakuna njia ya kujua kama helmeti ya mtumba imewahi kuanguka na mwenyewe. Katika mpya, tafuta alama ya kiwango ndani yake. EN 1078 ni kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli.

Maneno ya kumwambia muuzaji

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo walaji wengi hupoteza haki yao bila kujua.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga katika hali fulani, nayo hutegemea yaliyosemwa kabla ya fedha kubadilisha mkono. Ukimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo matumizi uliyokusudia, na ukategemea ujuzi wake kukuchagulia, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Basi useme wazi: "Nataka baiskeli ya kwenda Tunduma nikiwa na mzigo wa kilo 15." Ukiingia dukani na kutaja jina la kampuni na modeli tu, kisha ukalipa, kinga hiyo inaweza kukuponyoka, kwa sababu umechagua mwenyewe. Vilevile, ukiikagua bidhaa kabla ya kuinunua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Usiikague kwa haraka ili kumridhisha muuzaji mwenye wateja wengi.

Dai risiti, na juu yake au kwenye karatasi iliyogongwa muhuri wa duka yaandikwe mambo manne: namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imechongwa chini ya pedali au kwenye shingo, kama baiskeli ni mpya au imetumika, matumizi uliyoyataja, na muda wa waranti pamoja na sehemu zinazohusika. Ahadi ya mdomo kwamba "ukipata tatizo tuone" ni ya kiungwana, lakini mtu aliyeitoa huenda asiwepo siku utakayorudi. Namba ya fremu ina kazi ya pili: baiskeli ikiibwa, ndiyo itakayowezesha polisi kuthibitisha kuwa ni yako.

Utakutana na maandishi yasemayo kuwa bidhaa ikishauzwa hairejeshwi. Maandishi hayo yasikuvunje moyo. Mnunuzi aliyebadili mawazo hana la kudai, lakini mwenye baiskeli yenye kasoro ana malalamiko halali, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Anza kwa barua fupi kwa muuzaji, bakiza nakala, mpe siku za kujibu. Asipojibu, zilete kwetu nakala ya barua, risiti na picha za kasoro.

Jaribio la Bagamoyo

Inunue baiskeli angalau wiki sita kabla ya safari, na uitumie. Spoku za gurudumu jipya hukaa sawasawa baada ya kutembezwa, waya za breki na gia hunyooka, boliti za keria hulegea. Karibu kasoro zote za kiwandani na za uunganishaji hujitokeza katika kilomita 200 za mwanzo. Ni afadhali zijitokeze ungali karibu na duka, risiti mkononi na waranti haijaisha.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jaribio zuri ni kwenda Bagamoyo Jumamosi na kurudi Jumapili, ukiwa na mzigo wote unaokusudia kuubeba, na maji. Mzigo wa majaribio usiwe wa kubuni. Mifuko miwili ya mchanga haitakuonyesha kuwa begi lako hugonga kisigino kila unapozungusha pedali. Ukirudi, mpelekee fundi baiskeli anyooshe magurudumu, nawe usimame pembeni utazame anavyofanya. Katika siku hizo mbili utajua pia kama kiti kinakufaa. Kiti kiwe katika kimo ambacho, pedali ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunjika kidogo. Maumivu ya goti baada ya kilomita 60 kwa kawaida ni suala la kimo cha kiti, na hurekebishwa kwa spana moja.

Jifunze nyumbani kuziba pancha na kuunganisha mnyororo uliokatika. Kifurushi cha vifaa ni kidogo: pampu, viraka na gundi yake, vyuma viwili vya kutolea tairi, funguo za boliti zote zilizo kwenye baiskeli yako, kifaa cha kukatia mnyororo, spoku nne za urefu sahihi, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, na chupa ndogo ya oili. Gundi ya viraka hukauka tubu ikishafunguliwa. Beba mbili, moja isiyofunguliwa.

Njia yenyewe

Kipindi cha Juni hadi Septemba ni kikavu na ndicho tunachokipendekeza. Machi hadi Mei mvua za masika huifanya barabara ya pwani kuteleza na madereva wasione mbali.

Kipande kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze kina msongamano mkubwa wa malori. Anayeweza apitie Bagamoyo, kisha barabara ya lami ya kilomita 64 hadi Msata, ndipo ashuke Chalinze. Ni mzunguko, lakini siku ya kwanza si siku ya kupigania nafasi na malori. Kutoka Chalinze njia ni moja, nawe utaishi na malori hadi Tunduma: endesha kushoto, vaa kisibao cha kuakisi mwanga, funga kioo kidogo kwenye usukani, na malori mawili yanapokaribia kupishana mahali ulipo, toka kwenye lami usimame. Usiendeshe baada ya jua kuzama hata kama una taa.

Baada ya Morogoro, barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kuna tembo, nyati na simba, na hakuna uzio. Tunashauri bila kusita kwamba kipande hiki kisiendeshwe kwa baiskeli. Lala Doma au kabla yake, kisha upakie baiskeli kwenye kirikuu au basi hadi mji wa Mikumi. Patana nauli ya mtu na ya baiskeli kwa pamoja, kabla ya kupakia; bei ya baiskeli inayotajwa ikishafungwa juu ya gari huwa ni bei nyingine. Mwongoza wageni au dereva atakayekuambia kuwa wengine hupita tu huenda anasema kweli, ila habari za waliopita salama hazikuhusu wewe wala tembo utakayemkuta.

Ruaha Mbuyuni, palipo na vitunguu vingi na mibuyu mingi zaidi, ni mahali pa joto kali na pa chini. Mbele yake kuna Kitonga, mpando wa kona kali ambapo malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na hutoa moshi usoni mwako. Uanze alfajiri, ukiwa na maji ya kutosha. Kusukuma baiskeli hapo si aibu, wengi husukuma. Anayesafiri kinyume, kutoka Iringa, akague raba za breki Ilula, ashuke polepole na kusimama mara kwa mara ringi zipoe, kwa kuwa ringi iliyochemka inaweza kupasua tyubu.

Mji wa Iringa uko juu ya kilima, na barabara kuu hupita chini yake Ipogolo, ambako pia kuna nyumba za wageni. Kuanzia hapo hadi Mafinga na Makambako unapanda taratibu kuelekea kimo cha karibu mita 1,900. Wasafiri kutoka pwani hudharau baridi ya huko. Mwezi Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi kuna ukungu na upepo. Beba sweta, glavu na koti lisilopitisha upepo. Mbele ya Mbeya, mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi ni mkali na una malori mengi. Ushuke kwa miguu kama breki zako hazijakuridhisha.

Maji na malazi

Katika joto, mwendesha baiskeli anaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa. Katika chupa za dukani, angalia kifuniko hakijafunguliwa, alama ya ubora ya Shirika la Viwango na tarehe ya mwisho ya kutumika. Vidonge vya kusafishia maji hufanya kazi vibaya kwenye maji yenye tope. Yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Paketi za chumvi na sukari za kurudishia maji mwilini zisikose. Zikiisha, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vinatosha.

Kwenye gesti, uliza bei, uone chumba na uhakikishe kuwa baiskeli italala ndani, vyote kabla ya kulipa. Usikubali ifungwe uani "kwa mlinzi" bila hati yoyote.

Bima na ajali

Mwenye kadi ya bima ya afya aulize, kabla ya kuondoka, hospitali zipi za Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya zinaipokea. Anayenunua bima ya safari asome ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mara nyingine uendeshaji baiskeli wa masafa marefu umo humo, au baiskeli yenyewe haihesabiwi kuwa mzigo.

Ukigongwa na gari, bima ya lazima ya gari hilo ndiyo inayohusika na madhara yako, lakini dai lisilo na hati halifiki mbali. Andika namba ya gari, mahali na saa, na majina ya walioshuhudia. Toa taarifa polisi, ambapo utapewa fomu PF3 ya kwenda nayo hospitali. Kama hali yako ni mbaya, tibiwa kwanza na fomu ifuatiliwe na mwenzako. Hifadhi risiti za matibabu na za matengenezo, na usitie saini karatasi yoyote ya kumaliza shauri kando ya barabara, hata kiasi unachopewa kikionekana kikubwa. Mtu aliyeumia hajui siku ile ile gharama za goti lake zitafika wapi.

Nakala ya risiti ya baiskeli, namba ya fremu, kadi ya bima na simu ya ndugu wa karibu viwekwe mahali pawili: kimoja kwenye begi, kingine kwa mtu aliyebaki nyumbani, ambaye utampigia kila jioni ukifika.